Wanangu mnaoandika habari za utoaji mimba, nisikilizeni kidogo

Wanangu, nawaandikia wote kwa pamoja, maripota wa siasa na nyie mnaokaa meza ya uhariri, manake hii mada ikipamba moto bungeni nyie ndo watu wanawasoma, na mimi nikisoma mnachoandika naumia. Huyu kasema ni mauaji, yule kasema ni haki ya mwanamke, basi, mnaweka nukta mnaenda nyumbani. Muswada wenyewe unasema nini? Mwanamke anavuja damu saa nane usiku, mimba inaharibika, daktari anaruhusiwa kufanya nini? Hakuna hata mstari mmoja.

Kaeni msome sheria wenyewe. Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta, kwenye kesi ya Dobbs, hukumu ya Roe ya mwaka 1973, ile iliyosema kutoa mimba ni haki ya kikatiba nchi nzima. Sasa ripota akiandika "Marekani yapiga marufuku utoaji mimba" amepotosha watu, mahakama haikupiga marufuku, ilirudisha uamuzi kwa majimbo, na majimbo 13 tayari yalikuwa na sheria zilizokuwa zinasubiri tu siku hiyo. Kwa mama aliye jimbo moja na dada yake aliye jimbo la pili hiyo tofauti ni kubwa mno, na iko kwenye hukumu yenyewe, sio kwenye hotuba ya mwanasiasa.

Halafu maneno. Kutoa mimba, kuavya, kuua mtoto tumboni, kijusi, mtoto, yani ukichagua moja msomaji keshajua umesimama wapi. Shirika la habari la AP la Marekani linawaambia waandishi wake waseme wanaopinga utoaji mimba na wanaotetea haki ya kutoa mimba, yale majina matamu ambayo kila kambi imejipa yabaki kwenye nukuu. Msidhani nyie hamna upande. Mwaka 1990 David Shaw wa Los Angeles Times aliandika mfululizo mzima akionyesha jinsi vyombo vikubwa vya Marekani vilivyokuwa vinawabeba wanaotetea haki hiyo, kwa lugha na kwa picha, na gazeti lake likauchapa. Huo ndo ujasiri ninaoutaka kwenu, upande wowote mlioegemea.

Na msikimbilie kusema stori ni ya uongo kwa sababu haiwafurahishi. Julai 2022 gazeti la Indianapolis Star liliandika habari ya mtoto wa miaka 10 wa Ohio, amebakwa, ana mimba, kavushwa mpaka jimbo la Indiana ili aitoe. Wakubwa wakaitilia shaka hadharani, Wall Street Journal ikaandika tahariri ya kuikejeli, kumbe polisi walikuwa na kesi mezani, mtuhumiwa akafikishwa mahakamani Columbus, huko huko Ohio, na ripota wa Columbus Dispatch alikuwa kakaa mle ndani anasikiliza. Journal ikabidi isahihishe. Tofauti yao ni nini? Mmoja alienda mahakamani, wengine walibaki ofisini wanapima kama stori inanoga kupita kiasi.

Sasa hili ndo linaninyima usingizi. Novemba 2012 Irish Times ilichapa habari ya Savita Halappanavar, aliyefariki Galway baada ya kuomba mimba yake iliyokuwa inaharibika itolewe akakataliwa, na Ireland ikatikisika mpaka kura ya maoni ya 2018, asilimia 66.4 wakakubali kubadili katiba iliyokuwa inazuia utoaji mimba. Lakini mumewe ndo alizungumza, kwa hiari yake, kwa jina lake. Mimi enzi zangu za uhariri nilipitisha stori ya binti mmoja, jina tukaficha, tukajipongeza kwamba tumemlinda, ila tukaacha umri wake, kazi yake na mtaa. Siku mbili hazikuisha majirani wakamjua. Alikuja mapokezi pale gazetini, hakupiga kelele, aliuliza tu nani aliandika, na mimi nilikuwa juu, nikatuma mtu ashuke akazungumze naye. Sikushuka.

Kwa hiyo mkimpata mwanamke wa kuwaambia yake, kabla hamjatuma stori mrudieni, msomeeni kila sentensi inayomhusu, na akisema toa hii, toeni, hata kama ndo sentensi tamu kuliko zote.