Nilivyomfungia bosi kwenye chumba cha baridi

Valencia, Jumapili usiku

Mama, shikamoo.

Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inayotusumbua. Wasalimie wote hapo Mbagala.

Nikupe kisa cha mgahawani. Alhamisi bosi aliingia chumba cha baridi kutoa nyama. Mikono imejaa, akanipigia kelele kwa Kihispania: "¡No cierres!" Mimi sikio likadaka "cierre" tu, maana kutwa naambiwa "cierra", yaani funga. Nikafunga. Nikasikia anagonga huko ndani kama fundi bati.

Usiku nikatoa daftari. Kitenzi chenyewe ni cerrar, kina e moja. Ukimwamuru mtu mmoja, ile e inapasuka, inakuwa ie: cierra. Ukimkataza, ufa unabaki palepale, ila -a ya mwisho inageuka -e, na s inajipachika nyuma: no cierres. Nikacheka peke yangu. Si ndiyo funga, usifunge? Kalamu yako nyekundu yote ile kwenye madaftari yangu, kumbe ulikuwa unanifundisha Kihispania!

Usishangilie bado, Mwalimu. Hivyo ni kwa vitenzi vya -ar. Vya -er na -ir vinakwenda kinyumenyume: duerme ni lala, usilale ni no duermas. E ndiyo inakuwa a. Halafu wakikatazwa wengi, hapa Hispania wanasema no cerréis, na e imerudi nzima kama vile haijawahi kupasuka. Nikasema haya, nimeelewa, wengi hawana ufa. Ikaja dormir, kulala, na ukaidi wake: no durmáis. O imekuwa u! Pedir, kuomba, nayo inashika i kwa mmoja na kwa wengi: no pidas, no pidáis. Kurasa mbili nimezikwangua kwa kufutafuta.

Mpishi mwenzangu, Mkolombia, ananicheka. Kwao wengi wanaambiwa no cierren, no duerman, ufa hauondoki, kazi imeisha. Nikamtambia kwamba sisi ni usilale, msilale, shina halitikisiki. Akaniuliza "ven" kwa Kiswahili ni nini. Njoo. Na "no vengas"? Usije. Akanitazama. Hiyo njoo ilikwenda wapi, Mama? Nilimwambia tumezaliwa tukaikuta hivyo.

Bosi hajanifukuza. Siku hizi akiingia mle chumbani anaweka kreti la nyanya mlangoni, kisha ananikazia macho na kutamka taratibu, kama anasema na mtoto: "No... cierres."

Fedha ya bati nimetuma jana. Fundi asije akakuwekea geji 32, bati jembamba, akakuambia ni 28, mwambie mdogo wangu asimame pale wakati yanashushwa. Yakishafika usisahau kunijulisha. (Sahau haigeuki -e, najua, usinisahihishe.)

Mwanao