Kwa Wazazi na Walimu wa Watoto wa Sarakasi

Wanangu,

Juzi nilialikwa kwenye maonyesho ya watoto. Mwalimu kijana, mwenye nguvu zake, alikuwa amemkandamiza mabegani binti wa kama miaka saba ili msamba ufike chini. Mtoto ameuma kola ya fulana, macho yamemjaa machozi. Wazazi wanarekodi kwa simu. Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa fahari, “Samaki mkunje angali mbichi.”

Jamani, samaki hukunjwa akiwa amekwisha kufa!

Uzee wangu wote nimeusikia uongo huu, kwamba mifupa ya mtoto ni laini kwa hiyo ikunjwe upendavyo. Kweli ni laini, na ndiyo sababu ya kuihurumia. Karibu na ncha zake pana gegedu, na hapo ndipo mfupa unapokulia. Anayesimama kwa mikono kila siku anabebesha viwiko na vifundo vya mikono uzito wa mwili mzima. Akisema kifundo kinauma, apumzike. Musimkande ili aendelee. Msuli nao ukivutwa kwa nguvu hujikaza kujilinda, ukizidi kuuvuta unachanika. Msamba hushuka polepole, mwili ukishapata moto, na mwenye mwili ndiye anayesema basi.

Tena mtoto aliyezoeshwa kunyamazia maumivu atanyamazia na mengine. Mwaka 2018 kule Marekani, wanawake na wasichana zaidi ya 150 walitoa maelezo mahakamani juu ya Larry Nassar, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki, aliyewadhalilisha kingono kwa jina la matibabu. Wapo waliosema mapema, wakubwa wasiwasikilize. Sisi je, tunawasikiliza wetu?

Mengine nayapitia haraka. Sarakasi haidumazi mtoto: Simone Biles, bingwa wa jimnastiki wa Marekani, ana sentimita 142, lakini mwili mfupi hugeuka upesi hewani, ndiyo maana wafupi hung'ara. Msamba hauharibu heshima ya binti. Shirika la Afya Duniani lilitaka vipimo vya ubikira vikomeshwe, kwa kuwa hakuna uchunguzi unaoweza kuuthibitisha. Wala musiharakishe. Nadia Comăneci, mwanajimnastiki wa Romania, alikuwa na miaka 14 alipopata alama 10 kamili kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, lakini tangu 1997 wasichana hawashindani Olimpiki kabla ya mwaka wanaotimiza 16.

Nanyi vijana wa ufukweni munaowarusha watoto kutoka kwenye tairi lililofukiwa nusu mchangani: mumeanza na samasoti ya nyuma kwa sababu ndiyo inayopigiwa makofi. Anzeni na kubingirika, kidevu kifuani, uzito utue mabegani, usitue utosini. Kisha mumfundishe kuanguka. Asiyejua kuanguka asirushwe.

Lawama si zenu peke yenu. Shule nyingi hazina hata godoro moja la mazoezi, lakini mgeni rasmi akija, watoto wanapinduka juu ya saruji mbele ya jukwaa lililotandikwa zulia. Zulia la miguu ya mheshimiwa! Hakuna anayeona haya.

Mzazi, siku ya mazoezi kaa pale utazame. Mwalimu akikwambia wazazi hawaruhusiwi, mshike mwanao mkono muondoke, na ada yako uidai.