Kliniki ya Masanja mkihamia Mwanza

Kirumba, Mwanza

Mpendwa Mama Masanja,

Salamu nyingi kwako na kwa Baba Masanja. Nimefurahi kusikia mmeshapata nyumba Buhongwa. Umeniuliza hospitali gani ya watoto ni nzuri hapa Mwanza, na jibu langu huenda lisikufurahishe: tafuta kwanza iliyo karibu. Wageni wengi wakiliona jengo la Bugando juu ya kile kilima wanaona mambo yamekwisha. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima. Inabeba wagonjwa wa Geita, Mara, Kagera, Simiyu na kwingineko. Ukimpeleka mtoto wa mafua pale utashinda kwenye foleni, na pengine utaulizwa barua ya rufaa iko wapi. Mafua, kuhara, homa ya siku ya kwanza, upele, kupima uzito na chanjo ni kazi ya zahanati au kituo cha afya cha mtaani kwako. Mtoto akizoeleka sehemu moja, nesi anaijua kadi yake, na akiona mstari wa uzito umelala anauliza kabla wewe hujasema neno.

Wiki ya kwanza tu mkifika, nenda ukaulize mambo matatu: siku za kliniki ya watoto ni zipi, wanafunga saa ngapi, na usiku wanakopeleka wagonjwa wao ni wapi. Zahanati nyingi zinafungwa alasiri, na homa za watoto zina tabia ya kupanda usiku. Ukitoka Buhongwa kwenda mjini, hospitali ya wilaya ya Nyamagana pale Butimba iko njiani, na hospitali ya mkoa ya Sekou Toure iko mjini kabisa. Hifadhi namba ya dereva wa bajaji wa jirani anayepokea simu usiku wa manane. Bajaji, siyo bodaboda. Mtoto aliyelegea au mwenye degedege hapakatwi kwenye pikipiki.

Masanja anakaribia miezi 9, kwa hiyo jambo lenu la kwanza litakuwa chanjo ya surua na rubella. Wazazi wengi hugombana na manesi hapa, kwa sababu mama anafika Jumatatu anaambiwa arudi Alhamisi, anaona amepuuzwa. Chanjo hii inakuja ikiwa unga. Inachanganywa na maji yake maalumu, na ikishachanganywa inatumika ndani ya saa 6 tu, inayobaki inamwagwa. Kichupa kimoja kina dozi za watoto kadhaa, ndiyo maana vituo vidogo huwakusanya siku moja. Ila usikubali kuondoka na "njoo siku nyingine". Omba tarehe iandikwe kwenye kadi, na kama siku hiyo huwezi, sema pale pale uelekezwe kituo kinachochanja kila siku. Mafua au kikohozi kidogo si sababu ya kuahirisha. Dozi ya pili ni ya miezi 18, na ndiyo inayosahaulika zaidi, maana katikati mtoto ameshaanza kutembea na mama ameshaona kliniki imeisha.

Homa ya chanjo hii haiji usiku ule ule kama ile ya sindano za wiki 6. Kwa kawaida huja kati ya siku ya 7 na ya 12, wakati mzazi ameshasahau kabisa. Lakini huku usiseme "ni chanjo tu" ukalala. Huko Dodoma mnakotoka malaria ni chache. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi nchini. Joto la kwapani likifika nyuzi 37.5, apimwe siku hiyo hiyo. Na apimwe kweli, kwa damu ya kidoleni, siyo kukisiwa dirishani pa duka la dawa.

Kipimo cha haraka kikisoma malaria atapewa dawa ya mseto, yaani ALu. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 anameza kidonge 1 kila dozi, dozi 6 kwa siku 3. Hapa ndipo watu wanapokosea. Dozi ya pili haingoji kesho: akimeza ya kwanza saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni ya siku hiyo, halafu asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Apewe pamoja na maziwa, ya mama yanatosha, kwa sababu dawa hii inaingia mwilini vizuri penye mafuta. Akitapika kabla ya saa moja kupita, anarudia dozi. Kwa hiyo omba ya kwanza ameze pale pale kituoni na mkae kidogo. Homa hushuka mapema, na vidonge viwili vya mwisho hubaki kabatini "kwa ajili ya siku nyingine". Visibaki. Jambo jingine ambalo hata baadhi ya watoa dawa hulisahau: kile kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kusoma malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Homa ikirudi baada ya siku 10, mwambie tabibu kwamba alitumia mseto tarehe fulani, ili damu iangaliwe kwa hadubini badala ya kupewa mseto juu ya mseto.

Sasa dawa ya maji ya homa, maana wengi huicheza kamari. Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, baada ya kila saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Dawa ya maji ya kawaida ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Masanja akiwa na kilo 8, mililita 4 zinamtosha. Soma chupa kila unaponunua, kwa sababu kuna ya miligramu 250 katika mililita 5 zile zile, na kuna ya matone yenye miligramu 100 ndani ya mililita moja. Ukimpa hiyo ya matone kwa kijiko cha chai, umempa zaidi ya mara 4 ya kiwango chake, na parasetamoli ikizidi inaua ini kimyakimya. Vijiko vya jikoni havilingani. Nunua bomba la sindano la mililita 5 bila sindano, uoshe, uwe nalo la dawa tu.

Dawa za unga za kuchanganya na maji, kama amoksilini ya kuua bakteria, zina kisirani chake. Maji yawe yamechemshwa yakapoa. Tia nusu, tikisa mpaka unga uachane na kitako cha chupa, ngoja povu litulie, ndipo uongeze hadi kwenye alama. Ukiongeza povu likiwa juu, maji yanapungua na kila kijiko kinakuwa kikali kuliko kilichoandikwa. Mimi ningemwomba mtoa dawa achanganye nikiona. Siku 7 zikipita, imwage.

Akiharisha, mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, pamoja na zinki. Pakiti nyingi ni za lita 1 lakini zipo ndogo, soma. Kuchanganya pakiti nzima kwenye kikombe ni kumlisha chumvi. Kwa umri wake ni mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika pumzika dakika 10 uendelee. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 zote, hata kuhara kukikoma siku ya tatu.

Siku ya kliniki, mvue nguo na nepi kabla ya kupimwa. Mizani ya kuning'inia ina ile suruali ya kumvalisha mtoto: tazama mshale ukiwa sifuri suruali ikiwa imeshaning'inizwa tupu, kabla hajaingizwa. Tofauti ya robo kilo inaweza kuficha mwezi mzima wa kutokukua. Mstari ukilala miezi miwili mfululizo, usitoke bila kuuliza ale nini na apimwe nini.

Ukimwona tabibu, sema kwa mpangilio: ameanza lini, amekunywa nini leo, amekojoa mara ngapi, amepewa dawa gani na kiasi gani. Beba chupa na maboksi yenyewe. Kama umempa mitishamba, sema pia, hata kama atakukazia macho. Akiwa na kikohozi, hesabu pumzi nyumbani akiwa ametulia, shati limepandishwa, dakika 1 kamili kwa saa ya simu. Kuanzia miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Akifika mwaka ni 40. Namba hiyo ina thamani kuliko "anahema hema".

Kuna safari za kutosubiri asubuhi: hanyonyi wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea haamki vizuri, kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi. Kwenye degedege mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, wala dawa, mwondoke. Utasikia pia ushauri wa kukata kimeo au kung'oa "meno ya plastiki", yaani meno ya mtoto ambayo bado yako ndani ya ufizi. Kataa bila kubishana sana. Watoto hufika hospitali wakivuja damu kwa hayo.

Ziwa nalo lina mambo yake. Mkienda Ukerewe kwa bibi, asiogeshwe maji yaliyotekwa ziwani muda huo huo. Yachemshwe, au yakae ndani ya chombo siku 2, kwa sababu ya kichocho. Dawa ya minyoo anayopewa kliniki haiui kichocho, kwa hiyo akishachezea ziwa na baadaye choo kikawa na damu, litaje ziwa kwa tabibu. Na kwa kuwa kanda hii ina sikoseli nyingi, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, mpimeni mara moja. Kuvimba viganja na nyayo kwa mtoto wa umri wake kunaweza kuwa dalili yake, kusiitwe kuumwa na mdudu.

Fedha: huduma za walio chini ya miaka 5 kwenye vituo vya serikali ni bure kisera, lakini dawa ikikosekana dirishani utaandikiwa ukanunue, kwa hiyo usiende mikono mitupu. Kwa daktari wa watoto wa binafsi, uliza kabla ya kulipa kama ada inajumuisha kurudi na majibu ya maabara, na kama bima yenu inapokelewa kwa jina la mtoto.

Kabla hamjafunga mizigo, piga picha kurasa za chanjo na za uzito unitumie. Kadi yenyewe ipande na wewe kwenye basi, isiende na lori la vyombo. Kama kuna dozi iliyorukwa haianzwi upya, inaendelezwa pale ilipoishia, na inaweza kutolewa siku moja na hiyo ya miezi 9.

Msalimie sana Baba Masanja.

Wako,
Mama Neema