Salamu za Krismasi, na kumbukumbu ya Fundi Konde na wanamuziki wa Keya

Ndugu, jamaa na marafiki, salaam. Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha Krismasi nyingine tukiwa wazima, maana mwaka huu haukuwa mwepesi. Mafuta ya kupikia yamepanda, nauli za kwenda Pwani zimepanda kama ada yake kila Desemba, na karo ya Januari imeshaanza kubisha hodi. Ziko nyumba ambazo kuku hatachinjwa. Ziko nyingine ambazo mzee aliyekuwa akiombea chakula hayupo tena. Waliofiwa, poleni sana, Mola awafariji.

Msimu huu naomba tumkumbuke Fundi Konde, mwanamuziki wa Kenya. Mgiriama, mzaliwa wa 1924, aliingia Keya, yaani jeshi la Waingereza la King's African Rifles, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akatumika katika kikosi cha burudani hadi India na Bama, Myanmar ya leo. Huko ndiko vijana wetu wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikopenya bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua haikatiki, tope hadi magotini, malaria inawalaza. Kuimbia watu waliochoka namna hiyo, tena kwa lugha ya kwao, ni utumishi wa askari kama utumishi mwingine. Aliporudi akawa miongoni mwa wa kwanza Afrika Mashariki kupiga gitaa la umeme, akarekodi nyimbo kama "Majengo Siendi Tena", sauti tulivu, gitaa likimjibu bila papara. Alituaga mwaka 2000.

Niseme langu moja: inaniuma kwamba wengi walioimba vitani walizikwa bila kuulizwa hata swali moja.

Sasa, wengi tunakwenda nyumbani, na sanduku la bati la babu lipo chini ya kitanda. Mkikuta humo santuri nzito za inchi 10, zile za mizunguko 78 kwa dakika, tahadhari. Zimetengenezwa kwa sheleki na unga wa mawe. Sheleki ni ile ile ambayo seremala huiyeyusha kwa spiriti apake samani, kwa hiyo ukiifuta santuri kwa spiriti unaifuta pamoja na wimbo. Chukua lita moja ya maji yaliyokenekwa, tia matone mawili matatu ya sabuni ya maji. Lowesha kitambaa laini, ukikamue, kisha fuata mzunguko wa mifereji, usikate kati. Karatasi ya katikati isiguswe na maji, wino wake hutoka. Suuza kwa kitambaa kingine chenye maji matupu, kausha kivulini. Juani inapinda, na iliyopinda aghalabu hupasuka mtu akijaribu kuinyoosha. Zihifadhi zikiwa zimesimama, kila moja kwenye bahasha safi. Zikirundikwa, za chini hupata nyufa.

Kuzicheza ndiko wengi wanakoharibu. Sindano ya LP, zile santuri za plastiki zilizokuja baadaye, ni nyembamba mno, inazama hadi chini ya mfereji kwenye uchafu, nanyi mnasikia mkwaruzo mtupu. Tafuteni fundi mwenye sindano ya 78, ncha yake upana wa sehemu tatu kati ya elfu moja za inchi hivi. Na kama ni gramafoni ya mkono, sindano ya chuma hubadilishwa kila upande mmoja, maana imeundwa iishe yenyewe isile santuri. Mkinakili kwenye kompyuta, hifadhini kwanza nakala ya WAV, faili ya sauti isiyobanwa, tena isiyochujwa, na andikeni namba iliyogongwa karibu na lebo. Hiyo namba ndiyo humsaidia mtafiti kujua wimbo ulirekodiwa lini.

Cheti cha kuachishwa jeshi msikipeleke kwenye laminesheni. Joto linakikaanga, na plastiki ikishashika haitoki tena. Picha ziandikwe majina nyuma kwa penseli laini, kalamu ya wino hubonyea hadi usoni.

Na kama mzee bado yupo, mrekodini asubuhi kabla hajachoka. Zimeni feni, iwekeni simu kwenye hali ya ndege, mwulizeni namba yake ya jeshi, meli aliyopanda, nani alikuwa akipiga ngoma. Msimkatize akianza kuimba. Vijana, tunawalipia wapiga picha harusini pesa nyingi, halafu babu aliyevuka bahari na gitaa begani tunamwachia panya na mchwa? Mungu atatuuliza. Tuliopewa wazee hawa tumepewa amana, na amana hailiwi, haisahauliwi, haiachwi ioze sandukuni wakati sisi tunagombania shamba. Anayezisikia salamu hizi na afungue sanduku wiki hii, kabla ya basi la kurudi mjini.

Nawatakia nyote Krismasi njema na Mwaka Mpya wenye heri, afya na baraka tele. Wasafiri, mwende salama. Wenye wazee wagonjwa, wapate nafuu.