Barua kwa Rafiki: Vya Kusoma Kabla ya Kuchagua Ushauri Elekezi au Fedha

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na natumaini masomo yanakwenda vyema. Barua yako imenifikia na swali lako nimelielewa: umebakiza muda mfupi kabla ya kuanza kuomba kazi, unavutwa na ushauri elekezi, yaani kazi ya kuzishauri kampuni namna ya kujiendesha, upande mmoja na kazi za fedha upande wa pili, nawe unataka nikutajie vitabu vitakavyokusaidia kuamua. Nitakutajia, lakini vichache, kwa kuwa orodha ndefu humfanya msomaji ajione amesoma kabla hajafungua hata ukurasa wa kwanza.

Cha kwanza ninachokuomba usome si kitabu. Ni ripoti ya mwaka ya kampuni yoyote iliyoorodheshwa katika soko la hisa, ambayo bidhaa zake unazifahamu. Ripoti hizi hupatikana bure katika tovuti za kampuni zenyewe, na bado wapo wanafunzi wa biashara wanaomaliza shahada bila kuisoma hata moja mwanzo hadi mwisho. Ruka barua ya mwenyekiti na picha za wafanyakazi wanaotabasamu. Nenda kwenye taarifa ya mapato, mizania (orodha ya mali na madeni) na taarifa ya mtiririko wa fedha, kisha uiweke faida ya mwaka kando ya fedha taslimu zilizotokana na shughuli za kampuni. Zikitofautiana sana, tafuta sababu katika tanbihi. Huenda wateja hawajalipa, huenda bidhaa zimerundikana ghalani, au huenda ni uchakavu wa mitambo uliopunguza faida bila senti yoyote kutoka mwaka huo. Mshauri anayetumwa kwa mteja na mchambuzi wa benki ya uwekezaji huanzia papo hapo, na ukiona kazi hiyo inakuchosha kupita kiasi, utakuwa umejua jambo la maana juu yako mwenyewe kwa gharama ndogo.

Ukishazoea hesabu, soma "The Smartest Guys in the Room", kitabu cha mwaka 2003 cha Bethany McLean na Peter Elkind kuhusu kuanguka kwa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani. Nakipendelea kuliko vyote nitakavyokutajia kwa sababu kinazikutanisha fani zote mbili unazozifikiria. Jeffrey Skilling, aliyepanda hadi kuwa mkurugenzi mtendaji, alitokea McKinsey, kampuni kubwa ya ushauri elekezi, na alipoingia Enron alisisitiza utaratibu wa kihasibu ulioiruhusu kampuni, pale inapotia saini mkataba wa miaka mingi, kuandika mara moja faida inayokadiriwa kupatikana katika miaka hiyo yote. Hivyo faida ikapanda kwenye karatasi huku fedha zenyewe hazionekani, na madeni yakafichwa katika kampuni za pembeni zilizobuniwa chini ya mkuu wa fedha, Andrew Fastow. Machi 2001 McLean aliandika makala katika jarida la Fortune akiuliza Enron inapataje hasa pesa zake. Desemba ya mwaka huo huo kampuni ilijitangaza mahakamani kuwa imefilisika. Taarifa za fedha alizozitilia shaka zilikuwa hadharani muda wote, zikisomwa na wachambuzi waliolipwa vizuri ili wazielewe.

Katika ushauri elekezi, anza na Barbara Minto. Aliajiriwa na McKinsey mwaka 1963, akiwa mwanamke wa kwanza mwenye shahada ya uzamili ya biashara kuajiriwa huko kama mshauri, na kazi aliyoifanya baadaye ya kuwafundisha wenzake kuandika ndiyo iliyozaa kitabu chake, "The Pyramid Principle". Hoja yake ni kwamba mteja apewe jibu kwanza, kisha sababu zinazolibeba, na chini ya kila sababu ushahidi wake. Tena sababu hizo zipangwe katika mafungu yasiyoingiliana na yasiyoacha kitu nje. Kusema kweli ni kitabu kikavu, na sura za mwisho waweza kuziacha. Lakini chukua insha uliyokwisha kuiandika chuoni, uiandike upya kwa utaratibu huo, hitimisho likitangulia. Huenda ukagundua kwamba hitimisho lenyewe halikuwepo, au kwamba sababu mbili kati ya tatu ni ile ile iliyosemwa kwa maneno mengine. Mshauri mchanga husahihishwa makosa ya namna hiyo na wakubwa wake kila siku, na ni afadhali uyazoee sasa, kabla mteja hajaanza kuyalipia.

Ili kujua fani hii ilikotoka, soma "The Lords of Strategy" cha Walter Kiechel, kilichotoka mwaka 2010. Humo utakutana na Bruce Henderson, aliyeanzisha Boston Consulting Group mwaka 1963, na wazo la kampuni yake kwamba gharama ya kuzalisha bidhaa moja hushuka kwa kiwango kinachokadirika kila mara jumla ya uzalishaji inapoongezeka maradufu. Kutoka hapo ikafuata hoja kwamba mwenye sehemu kubwa ya soko ndiye mwenye gharama ndogo. Utamwona pia Bill Bain akiachana na Henderson mwaka 1973 ili aanzishe kampuni yake. Ninachokithamini katika kitabu hiki ni kwamba kinaonyesha jinsi mawazo tunayofundishwa darasani kana kwamba ni sheria za maumbile yalivyouzwa kwanza kama bidhaa, na kampuni zilizokuwa zikigombea wateja.

Kando yake weka "When McKinsey Comes to Town" cha Walt Bogdanich na Michael Forsythe, cha mwaka 2022, ambacho ni hati ya mashtaka zaidi kuliko historia. Mashtaka hayo hayakutoka hewani: mwaka 2021 McKinsey ilikubali kulipa takriban dola milioni 573 kumaliza madai ya majimbo ya Marekani kuhusu ushauri iliowapa watengenezaji wa dawa za kutuliza maumivu za jamii ya afyuni. Sikuambii usome ili uichukie kazi. Soma ili siku ya usaili, utakapoulizwa kama una swali, uweze kuuliza ni kazi za namna gani kampuni hiyo huzikataa, na ni nani mwenye neno la mwisho katika kuzikataa.

Upande wa fedha una vitabu vitamu zaidi, na utamu huo ndio hatari yake. Michael Lewis alipotoa "Liar's Poker" mwaka 1989, akisimulia alivyouza hatifungani, yaani hati za mikopo zinazolipa riba, katika kampuni ya fedha ya Salomon Brothers, alidhani anawaonya vijana wenye vipaji wasikimbilie huko. Badala yake alianza kupokea barua za wanafunzi waliotaka awape siri zaidi za kuingilia. Kisome, ucheke, lakini ujihadhari na hamu itakayokujia ya kuwa miongoni mwa wanaochekwa.

Kwa upande wangu, "When Genius Failed" cha Roger Lowenstein kina mafunzo mengi zaidi. Kinahusu mfuko wa uwekezaji wa Long-Term Capital Management, ulioanza biashara mwaka 1994 ukiwa na Robert Merton na Myron Scholes miongoni mwa wabia wake, wanauchumi waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Mahesabu yao hayakuwa ya kijinga. Walinunua hatifungani zilizokuwa rahisi kidogo na kuuza zilizokuwa ghali kidogo, wakitarajia bei zikaribiane, na kwa kuwa tofauti ilikuwa ndogo walikopa sana ili faida ionekane: mwanzoni mwa 1998 deni lilizidi dola 25 kwa kila dola moja ya mtaji. Urusi iliposhindwa kulipa madeni yake mwezi Agosti mwaka huo, wawekezaji wakakimbia kila chenye hatari, na bei zilizotarajiwa kukaribiana zikazidi kuachana. Septemba, taasisi 14 za fedha, zikikutanishwa na Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya New York, sehemu ya benki kuu ya Marekani, zilitoa takriban dola bilioni 3.6 kuuokoa mfuko. Jiulize wakati unasoma: je, ukiwa sahihi juu ya bei lakini ukakosa fedha za kungoja, umepata au umekosa? Maprofesa wengi hukufundisha nusu ya kwanza ya swali hilo tu.

Ukipata nafasi, ongeza "Barbarians at the Gate" cha Bryan Burrough na John Helyar, kuhusu ununuzi wa RJR Nabisco, kampuni ya sigara na vyakula, wa mwaka 1988 uliofikia takriban dola bilioni 25, nyingi zikiwa za kukopa. Fuatilia hasa ni nani aliyelipwa ada hata iweje. Kwa uwekezaji wenyewe, "The Intelligent Investor" cha Benjamin Graham, kilichotoka kwanza mwaka 1949, kinatosha ukisoma sura ya 8 na ya 20, pamoja na barua za mwekezaji mashuhuri Warren Buffett kwa wanahisa wa kampuni ya Berkshire Hathaway, ambazo kuanzia ile ya 1977 zipo bure katika tovuti ya kampuni hiyo.

Vitabu vya maandalizi ya usaili, kama "Case in Point" cha Marc Cosentino, viache hadi utakapokuwa umeshaamua kuomba. Vinasaidia kuzoea mtindo wa maswali, lakini zoezi lenyewe hufanywa kwa sauti, na mwenzako akikukatiza. Msaili humtambua upesi mtu aliyekariri mchoro wa kupangia majibu na kuulazimisha uingie kwenye kila tatizo.

Basi niandikie jina la kampuni utakayoichagua na mwaka wa ripoti. Nitaisoma ripoti hiyo hiyo, kisha kila mmoja wetu atamwandikia mwenzake kwa nini faida na fedha taslimu hazikulingana, jibu likitangulia.

Akutakiaye heri,
Rafiki yako