Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: Idi, Krismasi, pikiniki ya Julai kando ya ziwa, harusi moja, misiba miwili. Zote zilikwenda vizuri, na nawashukuru kina mama wa jikoni.

Niingie kwenye jambo lililowakera baadhi yenu. Septemba kamati ilitoa dola 1,860 kwenye mfuko wa dharura tukanunua vichujio vya maji 62. Vya wanachama ni 25, na 37 vikaenda kwa familia za Kilatino huko Little Village, mtaa wa hapa hapa Chicago. Nimesoma kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba mwenyekiti anagawa fedha za chama kwa Wameksiko. Yaliniuma.

Hakuna mji Marekani wenye mabomba mengi ya risasi (ile metali yenye sumu, "lead") kuliko Chicago. Yanayoingiza maji majumbani ni kama 400,000. Hadi mwaka 1986 mji wenyewe ulilazimisha yatumike. Risasi haina ladha wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi: maji yanapungua sufuriani, risasi inabaki. Sote tumelelewa tukiambiwa maji yakichemka ni salama, na mimi mwenyewe nilimpikia mjukuu uji kwa maji hayo mwaka mzima. Mpangaji hana ruhusa ya kufukua bomba la mwenye nyumba. Anachoweza ni kichujio kilichothibitishwa kuzuia risasi.

Mnauliza, kwa nini wao? Wanachama wetu tisa wanapakia mizigo au kuendesha malori upande ule. Wenyeji walipambana miaka mingi hadi kiwanda cha umeme wa makaa cha Crawford kikafungwa mwaka 2012. Tarehe 11 Aprili 2020, watu wamejifungia ndani kwa corona, dohani lake likalipuliwa na vumbi likafunika mitaa. Leo pale pana ghala kubwa la malori. Moshi wa dizeli anaouvuta mtoto wa pale, dereva wetu anauvuta pia. Na mwaka 2022, tulipofiwa tukakosa pa kukaa matanga, ni parokia yao iliyotufungulia ukumbi siku tatu bila kutudai senti. Mimi nilikuwepo, nilipokea funguo kwa mkono wangu.

Eti sikuitisha mkutano. Nilioitisha Juni walikuja 17 kati ya wanachama 88. Kamati ilikaa watu watano kati ya saba, akidi ilitimia, na muhtasari upo kwa katibu. Vichujio nilivisomba kwa gari langu na mafuta yangu.

Ada ni dola 10 tu kwa mwezi. Waliolipa mwaka mzima ni 23. Tunadai wanachama dola 5,430, na mfuko umebaki na dola 3,115. Baadhi ya waliolalamika sana juu ya fedha za chama hawajalipa tangu 2022. Sitawataja, ila mweka hazina anayo orodha. Msiba ukitokea kesho, ndugu zangu, tutasafirisha maiti kwa fedha gani?

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kushirikiana zaidi na majirani hao, pengine tupate mtu wa kutuelekeza namna ya kuuomba mji ubadilishe mabomba. Darasa la Kiswahili la watoto nalo tunatumaini litaanza.

Katika vile vichujio 25 vya wanachama, vinne bado viko kwangu. Wenye watoto wa chini ya miaka sita waje kwanza.

Mwenyekiti