Kabla useme Naivasha ama Diani, tuambie kwanza mnatoka kazini saa ngapi

Sisi hupangia wapenzi safari za wikendi, na meseji tunayopata sana kwa WhatsApp huja hivi: "Sasa, nataka kupeleka mtu wangu mahali wikendi, mko na pakeji gani na ni pesa ngapi?" halafu chini yake kuna skrinshoti ya bwawa la kuogelea kutoka TikTok. Sisi hatujibu na bei, tunajibu na maswali, na najua kuna watu hii kitu huwakera, mtu anaona ameuliza jambo rahisi na sisi tunamzungusha. Hatuzungushi mtu. Ni vile tumeona wapenzi wengi wakilipa pesa nzuri kwa mahali pazuri na bado wanarudi Nairobi wamechoka kuliko vile walienda, hata hawaongeleshani kwa gari, na mara nyingi shida haikuwa hoteli.

Hebu tuhesabu masaa. Unatoka ofisini Ijumaa saa kumi na moja, unapitia mwenzako Kilimani ama Donholm, Waiyaki Way imeshikana kuanzia Westlands, mkifika Rironi tayari ni giza na mkiamua kushuka na Mai Mahiu mko nyuma ya malori kwa zile kona. Naivasha ni kama kilomita 90 tu, asubuhi barabara ikiwa safi ni saa moja na nusu ama mbili, lakini hiyo Ijumaa mtaingia hotelini saa tatu ama saa nne usiku, jikoni wanafunga. Jumapili hoteli nyingi zinataka mtoke chumbani saa nne asubuhi. Sasa hizo siku tatu ulizokuwa unasema ukweli wake ni Jumamosi moja. Ndio maana mtu akituambia Diani kwa gari, usiku mbili, kutoka Nairobi, tunamwambia hapana bila kuogopa kupoteza mteja, ju hiyo ni karibu kilomita 500 kwenda na zingine hizo kurudi na katikati mtalala tu.

Swali la pili ndilo tunalipenda zaidi na tunauliza kila mtu peke yake, kwa simu yake: Jumamosi saa nne asubuhi unataka uwe wapi, kitandani, majini, kwa miguu ama kwa gari ukiangalia wanyama? Jibu usimuonyeshe mwenzako. Utashangaa. Mmoja anasema anataka kupanda Longonot, mwingine ni mwalimu ametoka kusahihisha mitihani ya shule nzima na kitu anataka ni kulala hadi aamke mwenyewe, na hakuna aliyesema kwa sauti, kila mmoja anaogopa kuharibia mwenzake raha. Huyo wa kulala ataamka saa kumi na moja apande mlima wa mita 2,776 akiwa amenyamaza, na huyo wa mlima atadhani amefanya jambo la mapenzi kabisa. Hatusemi mtu ana makosa hapo. Lakini tukijua majibu yote mawili kabla hamjalipa, tunaweza kutafuta mahali ambapo wote wawili wanapata yao, mmoja aende na mwingine abaki, wakutane saa nane kwa chakula wakiwa na stori za kupeana. Kukaa pamoja kila dakika sio lazima, hata kwa honimuni.

Hapo ndio Naivasha inashinda, na tunaipendekeza mara nyingi mpaka watu wanadhani tunalipwa na ziwa. Anayetaka kutoa jasho ako na Hell's Gate, mojawapo ya mbuga chache Kenya ambapo unaruhusiwa kuendesha baiskeli na kutembea kwa miguu kati ya pundamilia, twiga na nyati, baiskeli unakodisha hapo nje kabla ya lango la Elsa, na ukiingia tu unakutana na lile jiwe refu la Fischer's Tower ambalo wapanda miamba hulipenda. Enda mapema, jua la saa saba huko halina huruma. Lipia kwa eCitizen, ile tovuti ya malipo ya serikali, ukiwa bado na intaneti nzuri, langoni hawachukui pesa taslimu, na mbebe vitambulisho vyenu wote wawili, bila hivyo bei ya raia haipatikani kirahisi. Kuhusu lile bonde jembamba lenye kuta za mawe ndani ya Hell's Gate, hapa tunaomba mtusikize vizuri: maji yake hutoka milimani mbali, mvua inaweza kuwa inanyesha kule na wewe uko kwa jua, na watu wamewahi kusombwa na kufa mle ndani, 2012 na tena 2019. Askari wa wanyamapori (KWS) wakisema bonde limefungwa, limefungwa, usitafute kijana wa kukupitisha nyuma.

Mwenye kutaka kupumzika anabaki kando ya ziwa chini ya ile miti ya migunga ya rangi ya manjano, jioni mnapanda boti pamoja. Boti bei ni ya kuelewana, vaeni jaketi za kuokoa maisha hata kama nahodha amecheka, na usiku msizunguke kwa nyasi kando ya maji kwa sababu kiboko hutoka kula. Kitu kingine, maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana miaka hii na Naivasha ni mojawapo, kuna mahali maji yameingia hadi kwa nyumba za watu, kwa hivyo sisi hupiga simu kuuliza njia ya kuingia hotelini ikoje kabla ya kubuku. Na angalia kalenda ya Safari Rally, tangu irudi kwa mashindano ya dunia mwaka 2021 iko Naivasha, hiyo wikendi bei huruka na kelele ni mchana na usiku. Kama nyote wawili ni watu wa rali, raha yenu. Kama mlitaka utulivu mtajuta.

Nanyuki tunaipenda pia lakini sio kwa mtu anayetoka kazini jioni. Ni kama kilomita 200, masaa matatu na nusu hadi manne, na ukipata jamu kule Kenol ama Karatina usihesabu tena. Ombeni ruhusa mtoke Ijumaa saa sita, ama mlale kwenu na mng'oe nanga Jumamosi alfajiri. Huko usiku ni baridi ya kweli, sweta moja haitoshi, na Mlima Kenya huonekana asubuhi mapema kabla mawingu yafunike, kwa hivyo ombeni chumba kinachotazama mlima na msifunge pazia. Hifadhi ya wanyama ya Ol Pejeta iko karibu, na hapo ndipo wanaishi Najin na Fatu, mama na bintiye, vifaru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani, dume la mwisho, Sudan, alikufa 2018. Tumeona watu wazima wakinyamaza hapo dakika nzima. Kama mtu wako ni wa kuguswa na vitu kama hizo mpeleke, hatasahau.

Diani tunasema usiku tatu kwenda juu. Treni ya SGR ndio njia ya bei nafuu, tangu 2024 daraja la kawaida ni 1,500 na la kwanza ni 4,500, masaa tano hadi sita hivi, lakini kumbukeni treni inawaacha kituo cha Miritini, Mombasa, sio ufukweni, kuna gari tena ya kuwafikisha, na siku hizi ukipitia barabara ya Dongo Kundu hupangi foleni ya feri ya Likoni. Ndege kutoka Wilson hadi Ukunda ni kama saa moja, na ukipiga hesabu ya muda unaookoa, kwa watu wenye siku chache tu wakati mwingine ndege ndio rahisi. Kitu watu wa bara hatuulizi ni maji. Bahari inakupwa na kujaa, na wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga ama mpevu, maji hurudi nyuma mbali sana, unaamka unataka kuogelea unakuta mwani na mawe hadi kule kwa mwamba. Hiyo sio hasara, wenyeji hukupeleka kutembea kwa miguu kwa vidimbwi kuona viti vya pweza, lakini mngetaka kujua mapema. Sisi huangalia jedwali la maji kabla ya kuwapa tarehe. Mwezi wa tano mvua ya Pwani ni nyingi, bei hushuka, kwa wale wa kufungiwa ndani na kitabu inafaa kabisa.

Mkiwa na usiku mmoja tu msivuke mwendo wa saa moja kutoka mjini. Tigoni na mashamba yake ya chai, Lukenya, ama mpande mlima Kilimambogo asubuhi na mlale upande wa Thika. Julai Tigoni ni ukungu na baridi, ulizeni kama chumba kina mahali pa kuwasha moto.

Halafu pesa. Bei ya chumba sio bei ya safari, ongeza mafuta, lango la mbuga, boti, chakula cha mchana kama ni kifungua kinywa tu ndio kimejumuishwa, na kinywaji kimoja cha hotelini ni kama tatu za mtaani. Mtu akiwatumia picha za nyumba tamu halafu anataka depositi yote kwa namba ya simu ya mtu binafsi, simameni. Mwambieni awapigie simu ya vidio akiwa ndani ya hicho chumba, afungue pazia mwone nje. Na kabla ya kuthibitisha malipo ya M-Pesa soma jina linalotokea, kama halifanani na la hoteli usitume. Wateja wamekuja kwetu wakilia tayari pesa imeenda, na ni pesa walikuwa wameweka kidogo kidogo kwa ajili ya anivasari yao, inauma sana.

Kwa hivyo mkituandikia, tuambieni mnatoka saa ngapi Ijumaa, lazima muwe nyumbani saa ngapi Jumapili, na pesa ya safari yote ni ngapi, hata kama ni kidogo, hatucheki mtu. Lile swali la Jumamosi saa nne, kila mmoja atume jibu lake kwa namba yake mwenyewe.